Kitufe cha pili: tunavyoisoma vibaya hadithi ya redio za zimamoto wa New York

Kuna hadithi moja ambayo kila anayefuatilia teknolojia ya uokoaji ameshaisikia. Inakwenda hivi: tarehe 11 Septemba 2001 askari wa zimamoto wa New York walikufa kwa sababu redio zao zilikuwa za kizamani, na wangepewa mpya wangepona. Ni hadithi fupi, inaeleweka, na mhalifu wake anajulikana.

Halafu kuna hadithi ya pili, ya wanaoipinga hiyo ya kwanza. Wao wanasema redio hazikuwa shida kubwa: amri ya kutoka ilisikika, ila wengine walichelewa na wengine hawakutaka kuwaacha wenzao na raia. Hii nayo ina chanzo chake, tena chanzo kizito: Ripoti ya Tume ya 9/11, iliyotolewa Julai 2004.

Wasomaji wengi wa huku kwetu huifungua ripoti hiyo kutafuta habari za mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam ya 7 Agosti 1998, ambayo nayo imeyaeleza. Leo nakuomba uruke hadi sura ya 9, inayohusu uokoaji ndani ya majengo ya World Trade Center. Tuisome kama tunavyosoma makala ya kisayansi: tuulize imepima nini, imeacha nini, na hitimisho lake linabebwa na ushahidi kiasi gani. Maana hitimisho hilo, kwamba hitilafu ya redio ilichangia lakini haikuwa sababu kuu ya vifo vya askari katika Mnara wa Kaskazini, limekuwa likinukuliwa kila mahali. Mimi naona limesemwa mapema mno.

Kinachostahili sifa

Tuanze na haki yake. Kama maandishi, sura ya 9 ni kazi nzuri sana. Ripoti nzima ilifika fainali ya tuzo ya National Book Award mwaka 2004, jambo ambalo ni nadra kwa nyaraka za serikali, na ukiisoma sura hii utaelewa kwa nini. Inakwenda dakika kwa dakika. Saa 2:46 asubuhi ndege ya kwanza inapiga Mnara wa Kaskazini. Saa 3:03 ya pili inapiga Mnara wa Kusini. Saa 3:59 Mnara wa Kusini unaanguka, na saa 4:28 wa Kaskazini unafuata. Idara ya Zimamoto ya New York, yaani FDNY, ilipoteza watu 343 siku ile.

Sehemu bora kuliko zote ni ile ya ripita. Kwa ambaye hajakutana nayo: ripita ni kituo kinachopokea sauti dhaifu kutoka redio ya mkononi, kisha kinairusha upya kwa nguvu kubwa zaidi kwenye masafa mengine. Baada ya bomu la Februari 1993 kwenye majengo hayohayo, ilionekana wazi kwamba simu za upepo za zimamoto hazifiki juu. Mwaka 1994 mamlaka iliyomiliki majengo, Port Authority, ikafunga ripita kwa gharama yake. Port Authority ilitaka iwe inawaka muda wote. FDNY ikaomba iwashwe pale tu inapohitajika, kwa sababu chaneli yake ingeweza kuingiliana na shughuli nyingine za zimamoto katika Manhattan ya kusini. Mwaka 2000 vidhibiti vya kuiwasha vikahamishiwa kwenye meza za usalama wa moto katika ukumbi wa chini wa kila mnara.

Sasa fuatilia vizuri. Saa 2:54 asubuhi kitufe kimoja cha ripita kikabonyezwa katika Mnara wa Kaskazini. Nani alikibonyeza, haikujulikana. Kuanzia hapo redio za mkononi ziliweza kuwasiliana kupitia ripita. Lakini ili simu kuu ya pale mezani iweze kurusha sauti, kulihitajika kitufe cha pili. Hicho hakikubonyezwa kabisa. Dakika chache baada ya ndege ya pili, wakuu wa zimamoto wakaijaribu ile simu ya mezani. Aliyekuwa nayo hakusikika, na yeye hakumsikia mwenzake aliyekuwa na redio ya mkononi. Wakahitimisha kuwa ripita imekufa, wakaiacha, wakaendelea na chaneli za kawaida.

Kumbe ilikuwa inafanya kazi. Katika Mnara wa Kusini, Orio Palmer, mkuu wa batalioni, alipanda hadi ghorofa ya 78, palepale ndege ilipopiga, huku akizungumza na wenzake kwenye chaneli ya 7, chaneli ya ripita hiyohiyo. Mazungumzo hayo yalirekodiwa. Kwa hiyo tuna majaribio mawili ya siku moja: redio zilezile za zamani, mnara mmoja na ripita, mwingine bila. Katika ule wa ripita sauti ilifika ghorofa ya 78.

Ripoti inayaeleza haya yote bila kumtupia mtu lawama, na imefanya vyema. Tatizo linaanza inapofika kwenye kuyapima.

Fizikia imeachwa mlangoni

Msomaji wa kawaida akimaliza sura hii hatajua ni kwa nini hasa redio zilishindwa. Ripoti inataja sababu mbili kutoka 1993, na zote ni sahihi: mawimbi hayakupenya sakafu nyingi za chuma na zege, na watu wengi mno walitumia chaneli moja kwa pamoja. Inazitaja, inapita. Hizi ni shida mbili tofauti kabisa, na dawa zake ni tofauti. Ukizichanganya, mjadala wote wa kuboresha redio unapinda.

Chukua ya kwanza, kupenya. Redio ya mkononi hutoa wati chache tu. Uwanjani zinatosha kufika kilomita kadhaa. Ndani ya jengo, kila sakafu inakula sehemu ya wimbi. Tuseme kwa mfano kila sakafu inaruhusu sehemu moja ya kumi ipite. Sakafu tatu zinakuachia sehemu moja ya elfu, na sita sehemu moja ya milioni. Ukiongeza nguvu ya redio mara mbili hujapata hata sakafu moja ya ziada. Kinachookoa ni njia za pembeni: madirisha, mashimo ya lifti, ngazi. Hapo ndipo masafa yanapoingia. Redio za FDNY za wakati ule zilitumia masafa ya VHF, karibu megahezi 154, ambako wimbi moja lina urefu wa karibu mita 2. Kwenye UHF, tuseme megahezi 480, wimbi lina sentimita 62 hivi, na linapita kwenye uwazi mdogo kwa urahisi zaidi. Lakini wimbi refu nalo lina faida yake, linajipinda vizuri kwenye vizuizi. Hakuna masafa ya ajabu yanayoshinda kila mahali. Kwa jengo la ghorofa 110, jibu la kweli ni kuweka kifaa ndani ya jengo lenyewe, yaani ripita au antena zilizotandazwa kila ghorofa.

Ya pili, msongamano. Kwenye chaneli ya kawaida anaweza kuongea mtu mmoja tu kwa wakati. Wawili wakibonyeza pamoja, mwenye nguvu anamfunika mwenzake au wote wanageuka kelele. Piga hesabu: ujumbe mmoja pamoja na jibu lake uchukue sekunde 6. Hiyo ni jumbe 10 kwa dakika, kama hakuna hata mmoja anayemwingilia mwenzake. Vikosi 32 vikitaka kuripoti mara moja moja, dakika tatu zimekwisha, na bado mkuu hajatoa amri yoyote. Redio mpya yenye nguvu mara kumi ingefanya hali iwe mbaya zaidi hapa, maana ingewaongeza wasikilizaji na waingiliaji kwenye chaneli ileile.

Anayetaka takwimu za msongamano aende kwa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ambayo uchunguzi wake kuhusu minara ulikamilika 2005. NIST ilikuta kwamba baada ya ndege ya kwanza mawasiliano ya redio ya waokoaji yalipanda hadi karibu mara tano ya kawaida, kisha yakatulia kwenye karibu mara tatu. Katika hali hiyo, kati ya theluthi moja na nusu ya jumbe hazikukamilika au hazikueleweka. Hii sentensi moja ya NIST inakuambia kuhusu chaneli jambo ambalo kurasa nyingi za sura ya 9 hazikuambii.

24 kwa 32

Sasa tuje kwenye nguzo ya hitimisho la Tume. Ripoti inakadiria kwamba kati ya vikosi visivyozidi 32 vilivyotumwa na vilivyokuwemo kweli ndani ya Mnara wa Kaskazini, angalau 24 vilipata amri ya kutoka. Robo tatu! Ukiisoma haraka unasema, basi, redio zilifanya kazi.

Rudi nyuma usome tena. Vilipata amri hiyo kwa redio, au kwa kuambiwa ana kwa ana na waokoaji wengine. Makundi mawili yamewekwa kwenye kapu moja. Askari aliyesikia kwa sababu mwenzake alishuka ngazi akipiga kelele "tokeni" anahesabiwa sawa na aliyesikia kwenye redio. Kama swali ni "je, amri iliwafikia watu?", hesabu hiyo inafaa. Kama swali ni "je, mfumo wa redio ulifanya kazi?", haifai hata kidogo, kwa sababu imewajumlisha waliookolewa na miguu ya wenzao. Na ndo hesabu inayotumika kuitetea redio.

Kuna jambo la pili. Kipimo ni kikosi, wala si mtu. Kikosi kina watu kadhaa, na kupanda ngazi na mzigo wa vifaa hakuwaachi watu wote ghorofa moja. Kikosi "kilipata amri" akiisikia mmoja wao. Isitoshe, ripoti yenyewe inakiri kwamba kulikuwa na askari waliokuja wakiwa hawako zamu, bila redio kabisa, na wengine walikuwa kwenye chaneli isiyo sahihi. Hao hutawapata kwenye hesabu ya vikosi vilivyotumwa.

La tatu ndilo linaloniumiza zaidi. Ripoti inasema baadhi ya waliosikia amri hawakuharakisha, kwa kuwa hawakuambiwa kwamba mnara wa pili umeshaanguka. Wakuu waliotoa amri wenyewe hawakujua. Tume inalihesabu hili kama jambo lililo nje ya redio, suala la uamuzi wa watu. Hebu fikiria. Mnara mzima umeanguka mita chache kutoka walipo, na habari hiyo haikufika kwa mtu mwenye kuhitaji kuijua kuliko wote duniani. Helikopta za polisi ziliona kila kitu kutoka angani, lakini polisi na zimamoto walikuwa kwenye mitandao tofauti ya redio. Hiyo nayo ni hitilafu ya mawasiliano, na labda ndiyo kubwa kuliko zote. Amri iliyofika bila sababu yake imefika nusu.

Na kitufe cha pili tukiweke wapi? Upande wa "hitilafu ya kiufundi" au wa "kosa la binadamu"? Ripoti inalazimika kuchagua kwa sababu imeutenganisha mfumo vipande viwili. Mhandisi yeyote wa usanifu atakuambia hivi: kifaa cha dharura kinachohitaji vitufe viwili, kisichoonyesha waziwazi kwamba kimoja bado, na kinachotumiwa na mtu aliyesimama kwenye ukumbi uliojaa vumbi huku jengo likiungua juu yake, kimeshashindwa tangu kwenye karatasi ya michoro.

Redio mpya zilizorudi kabatini

Hapa ndipo hadithi ya kwanza, ile ya "wangepewa redio mpya", inapoanguka yenyewe. Walipewa. Machi 2001, miezi sita kabla, FDNY iligawa maelfu ya redio mpya za dijitali, Motorola XTS3500R. Hazikumaliza hata wiki mbili. Askari aliyepotea kwenye chumba cha chini cha nyumba iliyokuwa ikiungua Queens aliomba msaada kwenye redio, na wenzake waliokuwa pale hawakumsikia. Redio zikaondolewa, zile za zamani za analojia zikarudishwa kazini, na ndizo zilizoingia kwenye minara Septemba. Mkaguzi wa fedha wa jiji wakati huo, Alan Hevesi, alikosoa jinsi zilivyonunuliwa bila zabuni ya ushindani.

Katika simulizi kuu ya sura ya 9 kisa hiki karibu hakionekani. Mimi naona kilistahili sehemu yake yenyewe, kwa sababu kinafundisha kitu ambacho wanunuzi wa vifaa duniani kote bado hawajakishika.

Redio ya analojia inarusha umbo la sauti yako lilivyo. Ishara ikidhoofika, mikwaruzo inaongezeka, lakini sikio la binadamu ni hodari sana kuokota neno ndani ya mikwaruzo. Redio ya dijitali inafanya kazi tofauti. Inaipitisha sauti kwenye programu inayodhani inamsikiliza binadamu anayeongea, inaifupisha iwe namba chache, na upande wa pili inaiunda upya. Ishara ikiwa nzuri, sauti inakuja safi kuliko analojia. Ishara ikishuka chini ya kiwango fulani, hupati mikwaruzo wala nusu ya neno. Unapata kimya. Na kimya hakikuambii kama mwenzako ameacha kuongea au anakuomba msaada.

Ongeza mazingira ya moto. Askari anaongea kupitia barakoa ya hewa. Msumeno unanguruma. King'ora cha mtungi wa hewa unaokaribia kuisha kinalia. Ile programu, iliyofundishwa kutambua sauti ya mtu, sasa inajaribu kuuelezea msumeno kana kwamba ni irabu. Mwaka 2008 wataalamu wa wakala wa mawasiliano wa Marekani, NTIA, walipima jambo hili maabara kwa kelele za kazini za zimamoto, na katika baadhi ya hali zenye kelele nyingi analojia ilieleweka vizuri kuliko dijitali. Teknolojia ya zamani iliishinda mpya kwenye kazi hiyo mahususi.

FDNY ilifanya nini baadaye? Mwaka 2003 ilizirudisha zile XTS3500 zikiwa zimepangwa upya: masafa ya UHF, lakini kwa analojia. Ikaongeza redio ya wati 45 inayobebwa kama sanduku, ambayo mkuu anaweza kupanda nayo jengo refu na kuiweka anapoongozea kazi. Kisha jiji likaingia kwenye majengo yenyewe: kanuni za ujenzi za 2014 zinataka majengo marefu mapya yawe na mfumo wa ndani wa kusaidia redio za zimamoto. Ukitazama orodha hii utaona hakuna kitu cha kung'aa ndani yake. Kila hatua inajibu shida moja inayojulikana.

Pendekezo lililolenga kwingine

Tume ilipofika kwenye mapendekezo, iliomba bunge liharakishe kuwapa waokoaji masafa zaidi ya redio. Ni ombi zuri, na hatimaye lilizaa matunda: sheria ya Februari 2012 iliunda FirstNet, mtandao wa taifa wa waokoaji, ikautengea dola bilioni 7 na masafa yake wenyewe.

Lakini lipime kwa kipimo cha sura ya 9. Masafa zaidi yanapunguza msongamano. Vyombo tofauti kuweza kuongea kungeweza kuipeleka habari ya helikopta hadi ukumbini. Hayo mawili ni makubwa. Ila masafa hayapenyezi wimbi kwenye sakafu ya zege, wala hayabonyezi kitufe cha pili. Shida nne zilizoonekana siku ile (kupenya, msongamano, usanifu wa kifaa na habari isiyovuka idara) zimepata dawa ya mbili. Ripoti ambayo ingezitenganisha tangu mwanzo isingeishia hapo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako ni huu. Isome sura ya 9, kwa kweli inastahili, ila isome ukiwa na uchunguzi wa NIST pembeni. Ukifika kwenye ile 24 kwa 32, simama uulize ni wangapi walisikia kwa redio. Na siku ukisikia jiji lolote lenye maghorofa, liwe mbali au lako mwenyewe, linatangaza kwamba zimamoto wamenunuliwa redio mpya za kisasa, usiulize bei wala chapa. Uliza kama zimejaribiwa ndani ya ngazi za jengo refu, na mtu aliyevaa barakoa, msumeno ukiwa umewashwa pembeni yake. Uliza nani ana wajibu wa kuwasha ripita ya jengo lile, na mara ya mwisho aliiwasha lini. FDNY ilihitaji majibu hayo kuanzia 1993, na ilikuwa na miaka minane ya kuyatafuta.